Wembe ni Ule Ule? Shingoni, Hapana

Kuna misemo mitatu ya wembe ambayo kila aliyewahi kukaa kijiweni anaijua. Wa kwanza: ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji. Wa pili ni wa mashabiki wa mpira: wembe ni ule ule, yaani uliomnyoa jirani ndio utakaokunyoa na wewe. Wa tatu ni wa wazee: mtoto akililia wembe, mpe. Tunaitumia kila siku katika siasa, katika michezo na katika malezi, wala hatufikirii kinyozi hata kidogo.

Wiki hii, ndugu msomaji, naomba tuichukue misemo hiyo kama ilivyo, neno kwa neno, tuipeleke kwenye kiti cha kinyozi. Ndani yake mna karibu kila jambo analopaswa kulijua mtu anayenyolewa shingo kwa wembe. Mmoja ni wa kufuatwa, mmoja ni wa kukataliwa, na mmoja una masharti yake.

Kwanza, kwa nini shingo? Jibu lipo katika methali nyingine: kinyozi hajinyoi. Kidevu na mashavu mtu huviona kwenye kioo akajinyoa mwenyewe nyumbani. Kisogo hakioni. Hata awe fundi wa namna gani, sehemu ile lazima amwachie mtu mwingine, ainamishe kichwa na kukaa kimya huku chuma kikali kikipita karibu na mishipa ya damu. Ni kazi ya kuaminiana. Na mtu anayekuamini kiasi hicho unapaswa kumtendea haki.

Hapa Njombe, kama ilivyo Makambako na miji mingine, mashine ya umeme imechukua sehemu kubwa ya kazi ya vinyozi. Lakini mashine huacha vishina vya nywele, na mteja anayetaka shingo safi kwa ajili ya harusi, usaili wa kazi au ibada ya Jumapili bado huomba amaliziwe kwa wembe. Hapo ndipo wengine hutoka wakiwa wanang'ara, na wengine hutoka na vipele, mikwaruzo na shingo inayowaka moto siku tatu. Kiti ni kile kile na bei ni ile ile. Tofauti iko wapi?

Tuanze na wembe wenyewe. Wembe wa asili wa vinyozi ni ule mrefu unaokunjwa ndani ya mpini wake. Kwa miaka mingi wembe bora wa aina hiyo ulitoka Solingen, Ujerumani, na Sheffield, Uingereza. Wembe huo hautupwi, bali hunolewa. Ukianza kuwa butu hupitishwa kwenye jiwe la kunolea, na kabla ya kila kunyoa hupitishwa kwenye mkanda wa ngozi, mgongo wake ukitangulia na makali yakifuata nyuma. Kazi ya mkanda ni kuyanyoosha makali, kwa kuwa ncha yake ni nyembamba mno na hujipinda kidogo kila inapokata nywele.

Na hapa sisi wa Njombe tuna la kujivunia. Ngozi ya mkanda kama huo inahitaji kutengenezwa kwa dawa ya kuifanya iwe imara, na mojawapo ya dawa zinazosifika duniani kwa kazi ya ngozi hutoka kwenye magome ya miwati. Kampuni ya TANWAT ilianzishwa mwaka 1949 hapa hapa Njombe kwa ajili ya miti hiyo.

Mwaka 1904 Mmarekani King Camp Gillette alipata hataza ya kifaa cha kunyolea kinachotumia kiwembe chembamba cha kutupwa. Tangu hapo mambo yalibadilika. Vinyozi wengi wa leo wanaoonekana wameshika wembe wa zamani, kwa kweli wameshika mpini tu, ambao huchomekwa nusu ya kiwembe cha kawaida kilichovunjwa katikati. Kwa mkono wa kinyozi ni karibu kitu kile kile. Kwa usalama wa mteja ni vitu viwili tofauti kabisa, na nitaeleza sababu baadaye.

Kwa sasa shika jambo moja: wembe mkali ni salama kuliko wembe butu. Wengi hudhani kinyume chake. Wembe butu haukati nywele, huzing'oa na kuziburuza, na kinyozi akiona haupiti huongeza nguvu ya mkono. Nguvu hiyo ndiyo inayochubua ngozi. Ukisikia wembe unakwaruza kwa sauti ya kukokota na macho yanakutoka machozi, usijikaze kiume. Mwambie kinyozi abadilishe.

Sasa tuje kwenye msemo wa kwanza: tia maji. Wahenga walikuwa wakituonya kuhusu maisha, lakini onyo lao walilichukua kwa kinyozi, na kwa kinyozi lilikuwa sahihi kabisa. Unywele mkavu ni mgumu. Ukilowekwa hunywa maji, huvimba kidogo na kulainika, na wembe huukata kwa nguvu ndogo zaidi. Haitoshi kupangusa shingo kwa kiganja chenye unyevu. Panahitajika dakika mbili au tatu za maji ya uvuguvugu, au taulo safi iliyokamuliwa ikafunikwa shingoni.

Kwetu huku jambo hili lina uzito zaidi. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Juni au Julai kila mtu yumo ndani ya koti. Mtu akikaa kitini na shingo yake ikafunuliwa kwenye baridi ile, ngozi husisimka. Vinyweleo husimama na kila tundu la unywele huinuka kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Ukipitisha wembe juu ya vilima hivyo, unakata nywele pamoja na vilele vyake. Damu inayotoka kwa vitone vidogo vidogo mara nyingi si kosa la wembe bali ni kazi ya baridi. Kinyozi wa Dar es Salaam anaweza kusamehewa akitumia maji ya bomba. Kinyozi wa Njombe hana budi kuwa na birika.

Baada ya maji ni sabuni. Povu la sabuni ya kunyolea lina kazi mbili: linahifadhi ule unyevu ili nywele zisikauke, na linauwezesha wembe kuteleza. Povu liwe zito, lipakwe kwa kuzungushwa ili liinue nywele. Sabuni ya kufulia haifai, inakausha ngozi. Mahali pakishapitiwa na wembe hapana povu tena, kwa hiyo wembe usirudishwe hapo mpaka pamepakwa upya. Vinyozi wengi wenye haraka hukosea hapo. Mkono hurudi mara ya pili juu ya ngozi kavu kutafuta unywele mmoja uliobaki, na asubuhi yake mteja anauguza eneo zima.

Halafu kuna mwelekeo. Nywele za shingo hazina nidhamu kama za shavuni. Chini ya taya huweza kulala kuelekea pembeni, jirani na kikoromeo zikapanda juu, na kisogoni zikazunguka au zikakutana katikati kama watu njia panda. Kabla ya povu, pitisha kidole taratibu kila upande. Upande ambao kidole kinateleza ndio nywele zinakolala. Upande ambao kinakwaruzwa ndio kinyume chake. Kinyozi mzuri hufanya hivyo bila kuambiwa, na kwa mteja wa kudumu huikariri shingo yake kama dereva anavyoikariri barabara.

Mara ya kwanza wembe ufuate nywele zinakolala. Ulazwe karibu na ngozi, pembe yake isizidi nyuzi 30 hivi, kwa sababu ukisimamishwa unakuwa kisu na ukilazwa kabisa hauvuti kitu. Mikato iwe mifupi, na uzito uwe wa wembe wenyewe, mkono uuongoze tu. Mteja ainamishe kichwa kidogo ili ngozi ya kisogo ijinyooshe yenyewe. Kwenye kikoromeo ngozi isogezwe pembeni kidogo, ipate kukaa juu ya nyama laini. Kama bado kuna ukwaruzo, pakwe povu upya na wembe upite kwa kukingama, yaani kutoka ubavuni kwenda ubavuni.

Je, mara ya tatu upite kinyume cha nywele ili shingo iwe laini kama ya mtoto mchanga? Hapo, ndugu msomaji, wengi wetu tungesema hapana kama tungejua kinachofuata.

Nywele zetu Waafrika zimejikunja, na hata tundu linalozitoa ndani ya ngozi limepinda. Unywele ulionyooka ukikatwa karibu sana na ngozi, huota ukatoka moja kwa moja. Wetu ukikatwa kinyume, tena ngozi ikiwa imevutwa kwa nguvu, ncha yake hubaki kali kama mkuki na huzama chini ya ngozi. Unapoota haupati njia. Hutoboa ukuta wa tundu lake, au hutoka nje, ukajikunja na kuingia tena pembeni. Mwili huuona kama mwiba na kuupiga vita. Vita hivyo ndivyo vipele vya ndevu. Mara nyingi si uchafu, wala si kwamba mtu ana damu mbaya kama tunavyoambiana. Ni unywele umerudi nyumbani kwa njia isiyo yake.

Kisogoni mambo yanaweza kuwa mabaya zaidi. Kuna wanaume ambao vipele vya sehemu hiyo huwa vigumu, huungana na kuwa makovu yaliyovimba ambayo nywele hazioti tena. Tatizo hilo huwapata zaidi wanaume wenye asili ya Afrika, na kunyoa karibu mno mara kwa mara, pamoja na msuguano wa kola, hulichochea. Mwenye dalili hizo asitafute wembe mkali zaidi. Aache wembe kabisa sehemu ile, anyolewe kwa mashine inayobakiza nywele fupi, na aende hospitali mapema, kwa sababu kipele kidogo hutibika kwa urahisi kuliko kovu. Nchi yetu ina wataalamu wa ngozi. Kituo cha kanda cha kuwafunza, kilichopo KCMC mjini Moshi, kimekuwapo tangu mwaka 1992.

Nanyi mnaopenda mstari wa nyuma uchongwe juu ili uonekane, kumbukeni kwamba mstari ukipandishwa ndani ya nywele za kichwa, zinazokatwa hapo ni nywele nene zilizosongamana. Ndizo hizo zinazorudi kama vipele. Mstari ufuate mpaka uliowekwa na Mungu.

Kwa hiyo shingo iliyonyolewa vizuri si ile isiyo na hata dalili ya unywele. Ni ile ambayo kesho yake huikumbuki.

Sasa tufike kwenye msemo wa pili, ule wa kukataliwa. Wembe ni ule ule. Uwanjani useme utakavyo, lakini shingoni usikubali.

Makambako ni mahali ambapo barabara ya Songea inaachana na barabara kuu ya kwenda Tunduma, na reli ya TAZARA inapita hapo hapo. Katika siku moja kiti kimoja cha kinyozi karibu na stendi kinaweza kupokea shingo ya dereva anayekwenda Zambia, ya mkulima wa viazi, ya mfanyabiashara wa mbao na ya mwanafunzi. Kila wembe unaonyoa huacha michubuko, mingine midogo kiasi kwamba macho hayaioni. Wembe ukihama kutoka shingo moja kwenda nyingine, unabeba damu.

Wengi wetu tukisikia hivyo tunafikiria UKIMWI, na mkoa wetu una sababu ya kuufikiria. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba asilimia 12.7 ya watu wa Mkoa wa Njombe wenye umri wa miaka 15 na kuendelea walikuwa wanaishi na virusi vya UKIMWI, wakati kwa taifa zima ilikuwa asilimia 4.4. Lakini tuseme ukweli wote. Virusi hivyo hudhoofika haraka vikiwa nje ya mwili, na njia kubwa ya kuambukizana hapa kwetu ni kujamiiana bila kinga. Hofu ya kiti cha kinyozi isitufanye tusahau chumba cha kulala, wala isitufanye tumnyanyapae jirani anayetumia dawa zake na kuishi vizuri.

Anayestahili kuogopwa zaidi kwenye wembe ni mwingine ambaye hatumtaji sana: homa ya ini aina ya B. Virusi vyake huambukiza kwa damu kidogo sana, na huweza kuishi nje ya mwili, juu ya kitu kikavu, kwa siku 7 au zaidi vikiwa bado na uwezo wa kuambukiza. Aliye navyo anaweza asiumwe kwa miaka mingi, kisha ini likasinyaa au likapata saratani. Watoto wetu walianza kuchanjwa dhidi ya ugonjwa huo katika chanjo za kawaida mwaka 2002. Wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawajachanjwa. Kwa mtu mzima kuna kipimo, na kuna chanjo ya dozi tatu kwa miezi sita. Vinyozi ndio wa kwanza kuihitaji, maana wao hugusa shingo zote.

Je, kuufuta wembe kwa pamba ya spiriti kunatosha? Hakutoshi. Kuupitisha kwenye moto wa kiberiti? Hakutegemeki, na huharibu makali. Kifaa kinachorudiwa, kwa mfano mpini wa kuchomeka kiwembe, kioshwe kwanza kwa sabuni na brashi, kisha kilowekwe dakika 10 kwenye maji ya klorini ya asilimia 0.5, halafu kisuuzwe na kukaushwa. Kwa dawa yenye nguvu ya asilimia 3.5, hiyo ni sehemu moja ya dawa kwa sehemu sita za maji. Soma chupa, kwani nguvu hutofautiana. Anayechemsha, achemshe dakika 20 bila kupunguza, kwa sababu katika mwinuko wetu maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, hayafiki zile 100 za Pwani.

Lakini kiwembe chenyewe hakina mjadala: mteja mmoja, kiwembe kimoja, kisha kinatupwa kwenye chombo kigumu ambacho mtoto hawezi kukifungua. Ndiyo sababu nilisema mpini na wembe wa zamani si kitu kimoja. Wembe wa kunoa, pamoja na jiwe lake na mkanda wake wa ngozi, ni mali ya mtu mmoja. Ukiwa nao nyumbani, ni hazina. Ukiwa wa saluni nzima, ni wembe ule ule. Na shabu ya kukausha damu isisuguliwe donge moja kwenye shingo za watu wote. Iyeyushwe kwenye maji na ipakwe kwa pamba mpya.

Najua kinachotuzuia kusema. Ni aibu. Tunamsalimu kinyozi, "Kamwene," anaitika, tunakaa, na tunaona kumuuliza habari ya wembe ni kama kumwambia mchafu. Si hivyo. Kama ni mtu mzima kwako, sema: "Shikamoo mzee. Naomba unifungulie kiwembe kipya." Kama ni rika lako: "Kaka, kiwembe kipya nikione kikifunguliwa, na chenji yake nitalipa." Kiwembe kimoja ni rahisi kuliko soda. Nimezungumza na vinyozi kadhaa wa hapa mjini na wa Makambako, na mmoja wao, mzee aliyeanza kazi enzi za mkasi na kiti cha mbao chini ya mti, aliniambia hivi: "Mwanangu, mteja anayeuliza ndiye ninayempenda. Yule anayenyamaza, akiumwa atanisema kwa watu kumi."

Umebaki msemo wa tatu, mtoto akililia wembe, mpe. Kijana wako akianza kuota ndevu, mpe, lakini mpe wake peke yake. Mfundishe maji, povu, mwelekeo, na mkono mwepesi. Mwambie asiuazime bwenini hata kwa rafiki wa chanda na pete. Hilo ni somo la dakika kumi, nalo litamlinda maisha yake yote.

Ukiona mwenzako ananyolewa, basi, tia maji. Yawe ya moto kidogo, maana hapa ni Njombe. Na kabla hujainamisha kichwa, tazama mkononi mwa kinyozi, umwombe kiwembe kipya.